Mashine ya Sauti

14 Januari

Mdogo wangu Chiriku,

Siku hizi huniamkii, basi naitikia mwenyewe: marahaba. Sisi huku tu wazima. Mpwa wako meno mawili ya mbele yamemtoka ndani ya wiki moja, na akicheka anaziba mdomo kama bibi harusi. Shemeji yako bado yuko kwenye lori, wiki yupo, wiki hayupo. Mimi niko palepale kwenye dobi la hoteli, ila wamenipandisha cheo. Nasimamia watu tisa na mashine nne za kufulia. Wifi yangu mwambie kile kitambaa cha maua alichokitaka nimekipata, nitampa mtu amletee.

Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu hatuwezi. Tangu msiba, mimi na wewe tukipigiana, salamu hazijaisha tumeshagombana na mmoja ameshakata. Kwenye karatasi angalau utanisikiliza mpaka mwisho.

Neno lenyewe ni hili. Kabla Mama hajafanyiwa upasuaji wa koo, ulinieleza kwamba hapo hospitalini kwenu wagonjwa wanaokwenda kuondolewa sauti huketishwa kwanza kwenye chumba na kurekodiwa. Ulisema Mama amerekodi ya kwako na ya kwangu, kila moja peke yake, mlango umefungwa, na ametukataza kuzisikiliza mpaka atakapotutoka. Ameshatutoka. Mwezi wa tatu utatimia mwaka. Nilikuwa najiambia bado, bado kidogo, sijawa tayari. Sasa niko tayari. Nitumie ya kwangu. Wewe ndiye mwenye funguo za hizo kompyuta, sidhani kama ni kazi ya zaidi ya dakika tano.

Ni mimi dada yako, nisiye na subira kama unavyonijua.


20 Februari

Dada,

Shikamoo, na nyingine ya akiba usije ukanisema tena. Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Niwie radhi kwa kuchelewa, kazi zimenizidi kimo.

Habari njema kwanza: wifi yako ana mimba ya miezi mitatu. Kila kitu kinamnukia vibaya, pamoja na mimi. Nimebadilisha sabuni mara mbili, na shati la kazini nalivulia nje. Paa la jikoni tumeliziba. Jumamosi nilikwenda kupalilia kaburi la Mama, liko safi.

Kuhusu ile sauti, subiri kidogo. Mashine yenyewe iko kwenye matengenezo. Nikueleze, maana najua utauliza. Tuna seva moja, chuma kimoja kikubwa kwenye chumba chenye baridi kama friji, na ndani yake zinaendeshwa kompyuta saba zisizo na mwili. Tunaziita mashine pepe. Moja ni ya famasia, moja ya maabara, moja ya kupokelea wagonjwa, na kuendelea hivyo, na ya saba ndiyo ya sauti. Unakumbuka siku niliyomweleza Mama? Alisikia "pepo", akasema mwenye pepo ni mimi ninayeshinda nikiongea na chuma.

Basi kuna diski zimepelekwa kwa fundi mjini. Zikirudi nitakwambia.

Msalimie shemeji, na mpwa wangu asione haya, meno huota.

Mdogo wako.


11 Machi

Chiriku,

Huku hatujambo. Mpwa wako ameanza kuota jino moja, limekaa upande kama mlango mbovu. Nakushukuru kwa habari ya mimba, nimefurahi mpaka nikamwambia bosi.

Juzi, tarehe tisa, ulitimia mwaka. Nilikunja mataulo mia mbili bila kufungua mdomo. Wenzangu walidhani nimenuna.

Barua yako nimeisoma mara nne. Ina famasia, ina maabara, ina sabuni mbili, jibu haina. Hukuitwa Chiriku bure, ndugu yangu. Tangu utotoni ulikuwa huwezi kukaa na neno, na ulipokaa nalo tulijua umevunja kitu. Si wewe uliyejigamba mezani kwa Mama? "Dada, hata hospitali ikiungua leo, kesho ninayo yote. Kila alfajiri saa kumi na moja, mashine zote saba zinatolewa nakala, ratiba inajiendesha yenyewe, mimi nimelala." Nikasema akiba haiozi, ukacheka. Sasa kama diski ziko kwa fundi, nakala ziko wapi? Si ndiyo kazi yake?

Au hutaki nisikie? Najua ninavyosemwa huko: binti aliyeshindwa kuja kumzika mama yake. Nilishawaeleza kwamba nilinyimwa likizo. Kama umeisikiliza na kuna maneno makali, niambie tu. Mimi nilimpinga kuhusu ule upasuaji, nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nataka kujua jambo moja, kama aliondoka na kinyongo na mimi.

Nakungoja.


2 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Wifi yako kichefuchefu kimekwisha, sasa anakula ndimu kama mtu anayekula machungwa, nikimtazama meno yangu ndiyo yanauma. Mvua zimeanza.

Diski zimerudi wiki iliyopita. Nimeisikiliza ya kwako. Unisamehe, najua haikuwa haki yangu. Kukutumia siwezi, kanuni hairuhusu sauti ya mgonjwa kutoka nje ya jengo, lakini maneno yake nimekuandikia. Mama alisema hivi:

"Mwanangu, sina kinyongo na wewe. Uliyoyasema uliyasema kwa kunipenda. Najua kazi yako iko mbali. Ishi kwa amani, umlee mtoto wako."

Halafu akakohoa kidogo, ikaishia hapo. Ni hayo tu, dada. Usiniulize zaidi, kwa sababu hakuna zaidi.

Mdogo wako.


23 Aprili

Ndugu yangu wa tumbo moja,

Sijui nianzie wapi, hata salamu nazisahau. Wote wazima, wote wanakusalimu.

Nililia kwenye chumba cha kupigia pasi mpaka msaidizi wangu akaniletea maji. Ile sehemu ya barua nimeikata kwa mkasi, nikainyoosha kwa pasi ya hoteli, nimeitia kwenye mkoba. Nimemsomea mwanangu. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nimeweza kuitazama picha ya Mama bila kugeuza uso.

Swali moja dogo. Kile kikohozi, kilikuwa cha ugonjwa, au kilikuwa kile chake cha kujifanya, cha kuficha machozi? Wewe unakijua.

Mungu akulipe.


30 Mei

Dada,

Shikamoo. Nyumbani kuzima, wifi yako ana miezi sita na zaidi, mtoto anapiga teke. Nikimaliza salamu itanibidi niseme, ndiyo maana nazirefusha.

Sikuisikiliza, Dada. Hakuna sauti. Maneno niliyokuandikia nimeyatunga mimi, kwenye meza ya jikoni, nikafuta mara tatu mpaka yakakaa vizuri. Diski zilirudi, ni kweli, lakini fundi aliandika mstari mmoja tu: haziponi.

Nikusimulie ilivyokuwa, nisikufiche tena.

Mwaka jana, mwanzoni mwa mwezi wa tatu, diski ya kuwekea nakala ilikaribia kujaa. Mashine ya sauti ndiyo nzito kuliko zote. Nikaitoa kwenye ratiba kwa siku tatu tu, nikaagiza diski kubwa zaidi. Siku ya pili yake Mama akazidiwa. Niliporudi kazini baada ya mazishi, ile diski mpya ilikuwa mezani kwangu ndani ya boksi. Nikaitoa, nikaiunganisha. Kuirudisha mashine ya sauti kwenye ratiba ilikuwa kubonyeza mara mbili, basi. Sikubonyeza. Nitakwambia ukweli ambao hata mganga mkuu sikumwambia: nilikuwa naikwepa. Jina lake kwenye orodha lilikuwa linanichoma, kwa sababu nilijua nani yumo. Nikasema kesho.

Kila asubuhi nilipata ripoti, rangi ya kijani: mashine sita kati ya sita, nakala zimekamilika. Nikiona kijani nakunywa chai. Miezi minane sikujiuliza ya saba iko wapi. Na zile nakala zake za zamani mfumo ulikuwa unazifuta wenyewe zikishapita siku tisini. Niliyeuagiza hivyo ni mimi.

Novemba, diski mbili za seva zilikufa siku moja. Ikifa moja tunavumilia, zikifa mbili hakuna kitu. Nilirudisha mashine sita kutoka kwenye nakala kabla ya saa nane mchana. Famasia ikaamka, maabara ikaamka, watu wakanipigia makofi kwenye korido. Wakati wanapiga makofi mimi nilikuwa nashusha orodha, naipandisha, naishusha, naitafuta ya saba.

Sauti za watu sitini na watatu, Dada. Ya kwako imo. Ya kwangu imo, nami sikuwahi kuisikiliza. Nilisema ipo tu, haiendi popote.

Mganga mkuu aliamuru tuseme mfumo uko kwenye matengenezo. Tukasema hivyo miezi sita. Wiki mbili zilizopita akaja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliondolewa sauti mwaka uleule na Mama. Alikuja na binti yake. Binti anaolewa mwezi wa saba, na Mwalimu alirekodi salamu zake za siku hiyo kabla ya upasuaji. Walikuja kuzichukua. Mganga mkuu akanivuta pembeni.

"Sema ni umeme," akaniambia. "Umeme hauna wa kumlaumu."

Nikaingia. Mwalimu amekaa na daftari magotini, kalamu mkononi, amenyoa, amevaa koti. Nikasema, "Mwalimu, kulitokea hitilafu ya..." Akawa ananitazama mdomoni, kama wanavyotutazama wote wasiosema. Neno umeme likanikwama.

"Ni mimi," nikasema. "Niliacha kutoa nakala. Zimepotea."

Akaandika: *Zote?*

"Zote, Mwalimu."

*Za watu wangapi?*

"Sitini na watatu."

*Walio hai?*

"Ishirini na wanane."

*Umewaambia?*

"Wewe ndiye wa kwanza."

Binti yake akaanza kunifokea, na alikuwa na haki. Mwalimu akamshika mkono. Akaandika muda mrefu, akafuta, akaandika tena, halafu akanigeuzia daftari. Lilikuwa na maneno matatu: *Waambie na wengine.* Akasimama, akafunga koti vifungo vyote, wakaondoka. Hakunipa mkono.

Basi nimewaambia. Ilinichukua siku tisa, wengine kwa simu ya ndugu zao, wengine nyumba kwa nyumba, pamoja na familia za waliokufa. Mama mmoja alinifungia mlango. Mwingine alinikaribisha chai, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mganga mkuu amenipa barua ya onyo na kuniondoa kwenye chumba cha seva. Sasa natengeneza printa. Kabla ya kukabidhi nilimwandikia mwenzangu ratiba mpya, mashine zote saba kila alfajiri, na kila Ijumaa afungue nakala moja kwa mkono wake aone kama kweli inafunguka. Nakala ambayo hujaifungua ni uvumi tu.

Watu wote wamekwisha kujua, umebaki wewe. Nilianza na wageni kwa sababu wewe nilikuogopa zaidi. Kile kikaratasi ulichokipiga pasi, kitupe.

Sina uso wa kukuomba lolote.

Mdogo wako.


8 Septemba

Chiriku,

Huku tu wazima. Nimesikia kwa watu kwamba wifi yangu amejifungua salama, mtoto wa kike. Nimesikia kwa watu, kwa sababu sikuandika na wewe hukuandika. Hongera sana. Mwambie wifi kitambaa kimekaa sandukuni kwa hasira zangu, atakipata.

Miezi mitatu nilikuwa nikianza barua nachana. Kwanza niliandika matusi, na mengine yalikuwa mazuri kweli, ungeyapenda. Ulininyang'anya mama mara mbili, ndivyo nilivyoandika. Shemeji yako akasoma, akasema, "Hii ukiituma huwezi kuirudisha." Nikachana.

Sasa nisikilize na mimi.

Sehemu moja ya moyo wangu ilijua tangu siku ya kwanza kwamba yale si maneno ya Mama. Mama hawezi kunisemesha bila kuuliza kwanza kama nimekula. Na "ishi kwa amani" ni maneno ya kwenye kadi. Nilijua, nikajifanya sijui, kwa sababu niliyahitaji. Kwa hiyo uwongo ule tuliutunga wawili, wewe ukauandika na mimi nikaupiga pasi.

La pili. Sikunyimwa likizo. Sikuiomba. Uliponipigia kwamba Mama ameondoka, nilikaa kwenye kapu la mashuka machafu mpaka zamu ikaisha, na kesho yake nikaja kazini kama kawaida. Niliogopa kusimama mbele ya watu nikalia kama mtoto mwema, na wewe ukinitazama.

La tatu hajui mtu, hata shemeji yako. Siku moja kabla ya upasuaji, Mama alinipigia. Simu ilikuwa juu ya meza ya kukunjia, mbele yangu. Tulikuwa tumegombana juzi yake, nami nilitaka anikose kidogo ndipo ajue nimekasirika. Niliitazama ikiita mpaka ikanyamaza. Akapiga tena. Nikaitazama tena. Nilijua kesho hatakuwa na sauti, Chiriku. Nilijua, na sikupokea.

Baada ya hapo ulikuwa ukimwekea simu sikioni, yeye akiigonga kwa ukucha kuonyesha kwamba ananisikia. Ule mlio wa ukucha sikuuweza. Nikawa napiga mara moja kwa mwezi, halafu sikupiga kabisa.

Kwa hiyo nilipokudai ile sauti kwa ukali vile, nilikuwa nadai kitu ambacho nilipewa bure nikakikataa. Wewe ulipoteza sauti yake bila kukusudia. Mimi nilikusudia.

Jana nimeomba likizo. Nimeandika kwa mkono wangu na bosi ametia sahihi, siku kumi na nne kuanzia tarehe ishirini Oktoba. Kabla sijafika, nifanyie jambo moja. Nisimulie siku yake ya mwisho ilivyokuwa. Usinipambie. Hata kama ndani yake mimi ndiye mbaya, niandikie ilivyokuwa, nije nikiwa ninajua.

Dada yako.


2 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Mtoto ana mapafu ya mpiga tarumbeta, nyumba nzima tumekonda. Wifi yako anasema njoo na hicho kitambaa mwenyewe, hataki kuletewa na mtu.

Hii siku sijawahi kumsimulia yeyote.

Ilikuwa tarehe nane, asubuhi. Mama alikuwa ameegemea mito mitatu, dirisha lipo wazi. Alikuwa bado na lile daftari lake la kuandikia, lakini mkono umekwisha nguvu, nikawa namshikia kwa chini. Alikataa uji. Aliandika nimfungulie redio, nikafungua. Akaandika niipunguze, nikapunguza. Akalala kidogo.

Alipoamka aliandika neno moja: *Amepiga?*

Sikuuliza ni nani. Wewe hukuwa umepiga kwa miezi mitano. Nikasema, "Amepiga, Mama, ulipokuwa umelala. Anakuletea salamu nyingi. Anauliza kama umekula."

Alinitazama. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha mwisho mwisho, kisicho na sauti, mabega tu yanatikisika. Akavuta kalamu. Aliandika taratibu sana, redio ikaimba wimbo mzima hajamaliza. Mchana alipoteza fahamu, na kesho yake unaijua.

Sikukwambia siku ile kwa sababu ningekwambia, ungejua kwamba alikuulizia. Niliona nikuhurumie. Na nilipoketi kukutungia maneno ya Mama, ya kweli yalikuwa ndani ya kabati, hatua nne kutoka mezani, na sikuthubutu kuyatoa.

Ukurasa huo nimeuchana, umo ndani ya bahasha hii. Mstari wa pili umepinda kwa sababu daftari liliniteleza. Kama huwezi kuusoma, umeandikwa hivi:

*Mwongo wewe. Lakini zangu mfikishie.*